Gitaa la Egi Radi

"Usimwite fundi mbele yangu," Balbina alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Leo nakuomba, Masanja. Leo tu."

"Nimwite nani basi?"

"Mwite marehemu. Wote wanamwita hivyo, na wewe hutakatika ulimi."

Walikuwa nyuma ya nyumba, Katindiuka, karibu na mafiga ambako masufuria ya msiba yalishaanza kutokota. Mbele ya nyumba watu walizidi kufika, wengine kwa baiskeli kutoka Ifakara mjini, wengine kwa miguu, wakisalimiana kwa sauti za chini na kukaa kwenye mikeka. Siku hiyo yalikuwa yanamalizwa matanga ya Egidius Lihawa. Enzi zile za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, nchi nzima ilimjua kwa jina la Egi Radi, mtu wa kwanza kulifanya gitaa la umeme lilie na kung'aka mpaka wazee wakaziba masikio. Muziki wake waliuita roki. Waliompenda walisema hajatokea mwingine na hatatokea. Waliomjua kwa karibu zaidi, kama huyu binti yake wa pekee, walikuwa na yao ya kusema.

"Sikiliza, Bina." Masanja alichuchumaa mbele yake. Alikuwa kijana mrefu wa Kisukuma, mpole kupita kiasi, ambaye wazazi wake walihamia Namawala na ng'ombe wao alipokuwa bado mdogo. "Mimi nilikuwa nachunga. Redio ya mzee nimeifunga kwenye fimbo, fimbo begani. Ukapigwa ule wimbo wa 'Mvua ya Mahenge'. Pale katikati gitaa linapobaki peke yake, linapanda, linapanda, halafu linakatika ghafla, wewe unabaki umeshika pumzi. Nilikaa chini. Ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa watu, nikachapwa viboko mpaka nikalala kifudifudi. Na bado nilikuwa nausikia."

"Hata mimi niliusikia wimbo huo. Nilikuwa na surua, nimelazwa kwa jirani kwa sababu mama alikuwa shamba. Jirani akafungulia redio, akaniambia, 'Baba yako huyo, msikilize.' Mama aliporudi aliizima redio ya watu bila hata kuomba ruhusa." Balbina akarusha punje mbovu kwa kuku. "Wewe ulichapwa siku moja kwa ajili ya wimbo ule, Masanja. Mama yangu amechapwa miaka yote."

"Lakini kipaji kina kosa gani? Mtu anaweza kuwa baba mbaya na akapiga gitaa kama malaika."

"Basi wamzike malaika. Sisi wametuletea baba."

Masanja alikuwa na majibu mengi. Alitaka kumwambia kwamba vijana wote wanaopiga gitaa la solo kutoka Morogoro mpaka Dar es Salaam wanakula kwa jasho la Egi Radi, hata wale wasiomjua. Alitaka kumwambia kwamba mtu wa namna ile hawi wa nyumba moja. Bahati nzuri hakusema hilo la pili.

"Alirudi kutoka Dar es Salaam na begi, gitaa na kikohozi," Balbina aliendelea. "Tukampokea. Mama akampa kitanda chake, yeye akalala chini. Shuka zake nilikuwa nafua mimi. Ukija wewe jioni, anainuka! Anatafuta shati! Mnakaa kibarazani, anakushika vidole kimoja kimoja, 'Hapa, kijana, hapo unasukuma, usivute.' Ukiondoka anageukia ukuta. Mimi aliniita 'binti'. Sijui kama jina langu alilijua, Masanja. Nakwambia kweli, sijui."

Machozi yalimtoka, yakadondokea kwenye mchele. Masanja alimtazama akajisikia vibaya, maana mambo hayo aliyaona kwa macho yake na hakuwahi kuyawaza. Jioni zile zilikuwa sikukuu kwake. Akanyoosha mkono, akamfuta shavu kwa kidole gumba, harakaharaka, kabla shangazi mmoja hajatokea na ndoo.

"Mimi siyo yeye," alisema.

"Mama anasema mpo sawa. Anasema hampi mpiga gitaa mtoto wake, na Msukuma wa kuhamahama ndiyo kabisa. Utanibeba uniweke wapi, mkiani mwa ng'ombe?"

Walicheka wote wawili, kicheko kidogo cha watu wanaoogopa kusikika.

"Mzee wangu ameshakubali. Ng'ombe wametengwa," Masanja alisema. "Matanga yakiisha leo, kesho mshenga anakuja hapa kwa baba mkubwa wako. Gitaa nitapiga kanisani na nyumbani, jioni, wewe unapika. Dar es Salaam siendi. Unanisikia?"

Balbina alimtazama. Alikuwa na macho makubwa, yaliyozoea kunyamaza. Masanja alikuwa anampenda, hilo tusibishane. Alimpenda tangu siku alipomwona amebeba beseni la nguo za mgonjwa, amekunja uso, na bado akamwambia karibu.

"Nakusikia," Balbina alisema. "Nenda mbele. Tutaonwa."

*

Mbele ya nyumba mtani alishaingia uwanjani.

Mzee Viktor alikuwa Mngoni, na Wangoni ni watani wa Wapogoro, kwa hiyo kwenye msiba wa Mpogoro alikuwa na ruhusa ya kusema lolote na kuchukua chochote. Siku hiyo alijipamba. Kichwani alivaa kamba za katani zilizofumuliwa, zikasimama kama nywele za wanamuziki wa zamani. Chini ya viatu alijifunga vipande vya mbao. Na kifuani, Mungu wangu, alikuwa amening'iniza gitaa lenyewe la marehemu, jekundu, lenye ufa ubavuni. Alikuwa amelitoa ndani bila kubisha hodi, kama mtani anavyoruhusiwa.

"Mabibi na mabwana!" alipaza sauti akiyumba kwenye mbao zake. "Anayelala kaburini pale ni fundi! Fundi wa kukimbia! Alipiga gitaa mpaka mke akalima peke yake, akavuna peke yake, akazeeka peke yake! Nani kama Egi?"

Waombolezaji walicheka, hata waliokuwa wanalia. Ndiyo kazi ya mtani, kuchekesha msiba. Levina, mjane, mama yake Balbina, alikaa kwenye mkeka wake, kitambaa cheusi kichwani, hakucheka wala hakukasirika. Mwembamba, mkavu, mikono yake mikubwa ya kazi ameilaza mapajani.

"Mjini walimshangilia," Viktor aliendelea. "Huku tukauliza, jamani, huyo mnayemshangilia, mpunga wake nani anafukuzia ndege? Kimya! Alivyokwisha nguvu, mji ukamrudisha kama chupa tupu yenye ufa. Chupa yenye ufa, wenyewe mnajua, hairudishiwi hela!"

Kicheko kikalipuka tena. Balbina, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na sinia la wali, alijikuta akitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi kuna mtu aliyemsemea ya moyoni.

"Siyo kweli!"

Watu wote waligeuka. Masanja alikuwa amesimama katikati ya vijana, damu imemchemka.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa kuwa adabu alikuwa nayo hata akikasirika.

"Marahaba, mjukuu wangu. Una ng'ombe amepotea?"

"Sina. Nasema siyo kweli kwamba amerudi mtupu. Mzee huyu alifungua njia. Kabla yake gitaa lilikuwa linafuata waimbaji nyuma. Yeye ndiye aliyelipeleka mbele likasema lenyewe. Kila bendi mnayoicheza kwenye harusi zenu imeiba kwake. Mtu wa namna hiyo mnamfanyia kichekesho?"

Minong'ono ilitambaa kwenye mikeka. Mtani hajibiwi kwa hasira, kila mtu analijua hilo, na Masanja pia alilijua. Lakini vidole vyake vilikuwa bado vinakumbuka vidole vya yule mgonjwa.

Viktor hakuchukia. Alimsogelea akiyumba, macho yamejaa utundu.

"Kumbe ana wakili! Haya, wakili, umetaja bendi zilizoiba. Alivyoiba yeye je? Kwa huyu mama pale aliiba nini?"

"Hayo ni ya nyumbani kwake," Masanja alisema. "Mimi nasema muziki."

"Na mimi ninasema mtu," Viktor akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. Kisha akalirudia igizo lake, akaliinua gitaa juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Haya! Mali ya marehemu ipo mikononi mwa mtani! Wenyewe mkiitaka, ikomboeni. Msipoitaka naenda kuipasua juu ya kaburi, imfuate mwenyewe. Nani anakomboa?"

Hermenegildi, kaka mkubwa wa marehemu na mkuu wa ukoo, alimwangalia mjane. "Mama Balbina?"

"Lipasuliwe," Levina alisema.

"Hamna wa kukomboa?" Viktor aliuliza tena. "Nalipasua, jamani!"

Balbina alimwona Masanja anavyovuta pumzi. Akajua. Akaangusha sinia, wali ukamwagika vumbini, akaanza kupenya katikati ya kina mama. Mkono mmoja mgumu ukamshika kifundo cha mguu. Alikuwa mama yake.

"Kaa," Levina alimwambia.

"Mama, hajui! Mama, niache, hajui!"

"Nimesema kaa."

"Nakomboa mimi!" Masanja alipiga kelele. "Natoa mtamba! Mtamba mzima, mweusi, yupo Namawala, kesho jua halijatoka yuko hapa!"

Uwanja mzima ulipigwa na butwaa. Watani walizoea kulipwa kuku, debe la mpunga, kibuyu cha pombe. Ng'ombe! Viktor alivua zile kamba kichwani, akashusha gitaa polepole, akamvisha kijana shingoni. Masanja alilikumbatia, uso umeng'aa. Alidhani amefanya jambo kubwa na jema. Kwao Usukumani rafiki anaweza kuikomboa mali ya rafiki yake kwa watani, akashukuriwa, akala, akaondoka zake.

Kwa ukoo wa Lihawa haikuwa hivyo. Hermenegildi aliinuka na bakuli la unga wa mchele, naye hakuwa na haraka.

"Kijana," alisema, "huenda kwenu ni vingine, kwa hiyo nitasema wazi, wote wasikie. Kwetu, anayekomboa mali ya marehemu mikononi mwa watani ameingia ndani ya nyumba ya marehemu. Ni mwanawe. Atarithi jina lake, ataitunza nyumba yake, na mjane ni mama yake. Ndugu yangu hakuacha mtoto wa kiume. Leo amempata. Nitakupaka unga huu, na nikishakupaka haufutiki. Mwenye neno aseme sasa."

Masanja alikuwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likaanza kukauka, taratibu, kadiri maneno yalivyomwingia. Mwanawe. Mjane ni mama yake. Akageuka, akamtafuta Balbina kwa macho.

Balbina alikuwa amesimama katikati ya wanawake, mama yake bado amemshika.

"Nina neno, baba mkubwa," alisema.

"Balbina!" Levina alifoka.

"Nina neno. Huyu ni mchumba wangu. Kesho mshenga wake alikuwa anakuja kwako. Tumeahidiana tangu marehemu yu hai."

Lo! Wanawake walishika vinywa. Binti ambaye hajaposwa, kwenye matanga ya baba yake, anataja mwanamume mbele ya ukoo! Shangazi mmoja aligeuza uso. Balbina alisikia mashavu yanawaka moto, lakini hakuinamisha kichwa. Alikuwa amelipa kila alichokuwa nacho kwa maneno yale, na hakujuta.

Hermenegildi hakuwa mtu mbaya.

"Unga bado uko kwenye bakuli," alisema mwishowe. "Kijana, rahisi tu. Mrudishie mtani gitaa, yeye akafanye atakalo. Kesho mshenga wako aje, mimi nitamsikiliza, na mama mtu nitamtuliza mimi mwenyewe. Ama baki na gitaa, uwe mtoto wetu, na huyu awe dada yako. Kama ni mtoto wetu mtamba wako tunamtambua. Kama ni mkwe pia tunamtambua, kwenye mahari. Sema."

Hivyo tu. Ilikuwa kunyanyua mkanda, kuupitisha juu ya kichwa, na kumpa mzee mmoja aliyevaa mbao miguuni kigitaa chenye ufa. Machozi ya furaha yalimlenga Balbina. Alimwangalia Masanja akingoja mikono yake ipande kwenye mkanda.

Mikono haikupanda.

Masanja aliinamisha macho, akalitazama gitaa. Mkono wa kushoto ulikuwa umelishika shingo, kila kidole mahali pake, pale alipofundishwa. Aliangalia upande wa kaburi. Akaangalia mikono ya Viktor. Kila aliyekuwa pale aliona jinsi kijana yule alivyokuwa anaumia. Alikuwa anampenda Balbina. Nimeshasema, hilo tusibishane.

"Baba mkubwa," alisema, "haliwezi... halihitaji kupasuliwa. Mnajua ni nini hiki? Ndani yake kuna kazi ambayo hakuna mtu mwingine... Hakuna namna nyingine? Likawekwa kanisani? Likakaa kwa baba mkubwa? Tupeni siku moja tu tufikirie."

Levina aliachia kifundo cha binti yake, kwani hapakuwa tena na haja ya kukishika.

"Hata mimi kuna siku niliomba," alimwambia Balbina kwa sauti ya kusikika na wao wawili peke yao. Haikuwa na ushindi wowote, sauti ile. Ilikuwa imechoka. "Nilimwambia baba yako, chagua. Akaniambia, Levina, hakuna namna nyingine? Ulikuwa tumboni."

"Ulijua atafanya hivi."

"Sikujua. Nilimwacha aonekane."

Balbina alipita. Watu walimpisha, akatembea mpaka katikati ya uwanja, kanga yake imeshika vumbi na punje za wali. Masanja alipomwona anakuja alishtuka kama mtu aliyeamshwa.

"Bina. Bina, ngoja. Nalitoa. Haya, nalitoa, angalia." Akaushika mkanda, akaanza kuupitisha kichwani kwa papara, ukakwama kwenye sikio. "Mzee Viktor, chukua! Chukua ukalipasue!"

"Acha," Balbina alisema.

"Nimekuchagua wewe! Si umeona? Nimeshalitoa!"

"Nimeona." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, Masanja angepata pa kushika. "Nimekuona ulipokuwa unaliangalia, Masanja. Hivyohivyo ndivyo marehemu alivyokuwa anageukia ukuta. Hakuwa ananichukia. Alikuwa ana kitu kingine cha kuangalia."

"Nilishtuka tu. Mtu anashtuka! Dakika moja, Bina, utanihukumu kwa dakika moja?"

"Wewe mwenyewe umesema kila bendi imeiba kwake. Hukusema uongo. Alikuwa fundi. Sijawahi kukubali, leo nakubali, mbele ya watu wote. Gitaa lile halistahili kupasuliwa. Na wewe ndiye wa kulipiga, hakuna mwingine. Ila mimi sitazeeka nikiwa nasubiri liishe."

Alimgeukia Hermenegildi, akanyoosha mikono miwili kwa heshima. "Baba mkubwa, naomba bakuli."

"Mwanangu, fikiri. Huu haufutiki."

"Naomba bakuli, baba."

Mzee alimpa. Balbina alichovya vidole vitatu kwenye unga. Masanja alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamshuka, anarudia jina lake tu, Bina, Bina, kama mtu aliyesahau maneno mengine yote. Angeweza kurudi nyuma. Angeweza kukwepesha uso. Hakufanya hivyo, na mpaka leo hajui kwa nini.

Balbina alisimama kwa ncha za vidole vya miguu, maana kijana alikuwa mrefu, akampaka unga kwenye paji la uso, kutoka upande huu mpaka upande ule. Kwa sekunde moja mkono wake ulibaki pale, kiganja kimegusa nyusi zake. Kisha akautoa.

"Karibu nyumbani, kaka," alisema.

Na wanawake wakapiga vigelegele, kwa kuwa marehemu alikuwa amepata mtoto wa kiume.